Drezini juu ya meza: mashini ya kantonye yenye kupendwa kuliko lokomotive

*Kule Ulaya na Marekani kuko watu wazima wenye kujenga shemini de feri nzima ndani ya chumba. Katikati ya treni zao zote kuko kamashini kamoja kadogo kenye kuwafurahisha sana: drezini, mashini ya watu wa kutengeneza njia. Sisi watu wa mugodi tuliona moja kwa macho yetu, na tangu siku ile hatukuiacha tena.*

Siku moja ya posho tulikuwa tumekaa mu chumba ya sendika, tunangojea delege wengine wafike juu ya mukutano. Papa mumoja akaingia. Ni kantonye wa zamani, yuko na pansio tangu miaka mingi; anakuja kwetu kila mara juu kijana wake anatumika na sisi chini ya udongo. Alikuwa ametoka Ubelgiji, kwa binti yake. Akatoa mu mufuko kasha ndogo ya karatasi ngumu, akaifungua polepole, sawa mutu anayeshika yai. Ndani kulikuwa mashini ya rangi ya manjano. Urefu wake haupite kidole cha mukono. Magurudumu ine, kabine, na mbele taa mbili ndogo kama mbegu za ulezi.

“Bana yangu,” akasema, “binti alinipeleka mu nyumba moja kubwa kule, banaonyesha ma-treni ya kuchezea. Batoto na ba papa zabo, bote banakimbilia lokomotive. Miye nilisimama kwa haka. Nikaangalia ndani, nikaona mutu, eko na kazako ya manjano ya kazi. Nikasema: oyu ni miye.”

Tulicheka. Kiisha tukanyamaza, juu yeye hakucheka. Binti aliona namna baba anaangalia, akalipa, akamupa zawadi. Na sisi tukaanza kuulizana: kwa nini watu wenye hawajashika hata siku moja nyundo ya njia wanapenda hii mashini? Tulitafuta, tulisoma, tuliuliza. Haya ndiyo tuliyopata, ndugu musomaji.

Drezini ni kitu gani?

Jina lenyewe linatoka kwa mutu mumoja wa Ujerumani, Karl Drais. Mwaka 1817 alitengeneza chombo cha magurudumu mawili, mutu anakaa juu na kusukuma na miguu chini. Kilikuwa baba ya kinga yetu ya leo. Nyuma, wakati njia za chuma zilianza kujaa Ulaya, watu wakaita drezini kila kagari kadogo kenye kutembea juu ya reli na nguvu ya watu.

Ya kwanza zilikuwa za kusukuma, ao za kupompa: watu wawili wanasimama wakiangaliana, wanashika fimbo moja, huyu anashuka, huyu anapanda, na gari inaenda. Kiisha motere ikaingia. Kule Marekani, mu muji wa Fairmont, jimbo la Minnesota, kampani moja ilianzishwa mwaka 1909 na ikapata jina kubwa juu ya kutengeneza hizi gari za motere. Nyingi zilikuwa na silinda moja tu. Mutu alisikia sauti yake mbali: pu, pu, pu, pu. Watu wanne ao sita wanakaa juu, vyombo katikati, na wanaenda kuangalia njia kila asubui mbele ya treni kubwa kupita.

Huku kwetu Katanga, reli ilifika Élisabethville mwaka 1910, ikitoka kusini kupitia Sakania. Upana wa njia yetu ni milimita 1067, sawa ile ya nchi za kusini ya Afrika. Na tangu siku reli ilifika, kantonye akafika naye. Hakuna reli bila kantonye. Yeye ndiye anayejaza mawe ya balasti chini ya travesi, anakaza ma-tirefo, anapima upana, anakata majani, anasikia na sikio lake pahali reli inalia vibaya. Treni ikipita salama, hakuna mutu anayemukumbuka. Treni ikianguka, yeye ndiye wa kwanza kuitwa ku biro.

Mickey ku pompe

Mu historia ya treni za kuchezea, drezini haiko mugeni. Kampani Lionel ilianza New York mwaka 1900, na Joshua Lionel Cowen. Iliuza treni za umeme kwa watoto wa Marekani, ikawa kubwa. Lakini shida ya miaka ya 1930 iliigonga sawa ilivyogonga kampani nyingi. Mwaka 1934 madeni yaliishinda, na tribunali ikaiweka chini ya usimamizi.

Mwaka ule ule Lionel ikatoa kitu kidogo cha bei chini: drezini ya kupompa, ya kukaza na ufunguo kama saa, pamoja na reli ya kuzunguka. Juu yake, ku fimbo ya pompe, walisimamisha Mickey Mouse na Minnie. Bei yake ilikuwa dola 1. Watu walinunua zaidi ya 200.000. Mwaka uliofuata kampani ikatoka mu ile hali.

Kuko watu wenye kusema Mickey ndiye aliyeponyesha Lionel. Wenye kujua hesabu wanasema faida ya kitu ya dola 1 haikuweza kulipa madeni yote peke yake, zingine treni zilisaidia pia. Sisi tunaona kitu kingine. Siku bei ya lokomotive ilishinda watu, gari ya kantonye ndiyo iliingia mu nyumba za wazazi wenye hawakuwa na mali. Na ilikuwa na wafanyakazi wawili juu yake wanaopompa. Hata kama walikuwa panya.

Watatu wa rangi mbili

Kiisha vita ya pili, Lionel ikafanya zaidi. Mwaka 1954 ilitoa gari namba 50, ya kundi la kutengeneza njia. Ni kasanduku ka rangi ya machungwa, na watu watatu wa plastiki juu: wawili wa rangi moja wamekaa, mumoja wa rangi ingine anasimama. Mbele na nyuma kuko kizuizi cha mupira. Gari inaenda, inagonga mwisho wa njia, pa! inarudi nyuma yenyewe. Na wakati inarudi, yule anayesimama anageuka, anaangalia kule wanaenda sasa. Mutoto hahitaji kugusa kitu. Anakaa tu chini, anaangalia: inaenda, inagonga, mutu anageuka, inarudi. Wazee wenye kuwa watoto wakati ule wangali wanatafuta hii gari mu masoko ya vitu vya zamani.

Iliuzika vizuri, na Lionel ikaongeza ndugu zake. Mwaka 1956 ikatoka grue ndogo yenye kutembea yenyewe, kuzunguka, na kuinua muzigo. Mwaka 1957 ikatoka mashini yenye kutupa travesi kando ya njia, moja moja, ikiwa inatembea. Mwaka 1958 ikatoka namba 54, mashini ya kufinya balasti: inatembea mbiyo, inafika pahali kipingo kimewekwa kando ya reli, inashusha mwendo, na meno yake yanaanza kupanda na kushuka ndani ya mawe, inafika ku kipingo cha pili, inaacha kazi, inachukua mbiyo tena. Mwaka ule ule ilitoka na kalokomotive ka kuandikwa ubavuni kwamba ni ka usafiri wa mugodi. Papa mumoja wa kwetu kusikia hivyo akasema: “Njo yetu ile!”

Ulaya nayo haikubaki nyuma. Kule Ujerumani leo, kampani Viessmann inauza kwa treni za kipimo cha 1 kwa 87 drezini ya Robel na mashini kubwa ya kufinya balasti ya Plasser & Theurer. Hii Plasser & Theurer ni kampani ya kweli ya Austria, ilianza mwaka 1953, na mashini zake za kweli zinatumika mu nchi nyingi za dunia. Ile ndogo iko na taa, iko na sauti, na vyuma vyake vya kufinya vinashuka kati ya travesi sawa za mama yake.

Kwa nini wanaipenda

Tuliuliza na kusoma, na majibu yako mengi. Tuyaseme moja moja.

Ya kwanza ni udogo wenyewe. Mu kipimo cha 1 kwa 87, mutu wa metre 1 na santimetre 74 anakuwa santimetre 2. Drezini ya metre 2 na nusu inakuwa chini ya santimetre 3. Gurudumu la santimetre 40 halifike hata milimita 5. Ndani ya kile kitu sherti kuingia motere, meno ya kupunguza mwendo, vyuma vya kuchukua umeme ku reli, na juu yake viti na watu. Lokomotive kubwa iko na nafasi. Mutu anaweza kuficha kila kitu ndani ya tumbo lake. Drezini iko wazi pande zote, hakuna pa kuficha. Wengine wanashindwa, wanafanya akili: drezini yenyewe haina motere, motere iko ndani ya karemorki kanachofuata nyuma, chini ya vyombo na mbao. Mwenye kuangalia anaona drezini inavuta. Kweli yake, inasukumwa. Mutu wa mukono akiona kazi hii anavua kofia.

Ya pili ni nafasi na mali. Treni ya abiria ya mabehewa kumi inaomba chumba kizima. Drezini inaomba kipande cha njia juu ya dirisha. Mutu mwenye kukaa mu nyumba ya kupanga anaweza kuwa na shemini de feri yake, urefu wa metre moja, na ikawa ya kweli kabisa, juu hata ku kweli drezini inakaa pale peke yake, inafanya kazi yake mutaa mudogo wa njia.

Ya tatu ni kazi. Treni inapita tu. Inatoka tuneli hii, inaingia tuneli ile, mutoto anapiga mikono, imekwisha. Drezini inasimama. Inasimama kwa sababu. Mutu anashuka, kuko pioche, kuko pauni ya balasti, kuko reli imelala kando inangojea kuwekwa. Mwenye kujenga ile maketi anajiuliza: leo wanatengeneza nini? Nani ni kapita? Nani amechoka, anakunywa maji? Bila kujua, anaanza kufikiri sawa mufanyakazi. Wengi kule ni wadakitari, wanasheria, watu wa biro. Sisi tunasema hiyo si kitu kidogo.

Ya ine ni kukumbuka. Kule Marekani drezini za kweli zilikwisha kutoka mu kazi. Makampani yalizibadilisha na camionnette zenye kushusha magurudumu ya chuma na kupanda reli. Zile za zamani watu walizinunua. Kuko hata shirika, NARCOA, tangu mwaka 1980, la wenye kumiliki drezini za kweli; wanapanga safari pamoja, wanaomba ruhusa ya njia, wanatembea juu ya reli na bibi na watoto. Mwenye kukosa mali ao pahali pa kuiweka, anaweka ndogo juu ya meza.

Na kuko nyimbo. Kule kusini ya Marekani, makundi ya watu weusi ndiyo yalinyoosha njia kwa mukono. Mumoja aliimba, wengine wakajibu, na kwa kila pigo la wimbo wote walisukuma reli na vyuma vyao mara moja. Bila wimbo nguvu inapotea, huyu anasukuma leo, yule kesho. Waamerika wanawaita wale watu kwa jina lenye kuwa na neno “kucheza ngoma” ndani yake, na kampani Bachmann inauza drezini ndogo ya kupompa yenye watu wanaopanda na kushuka, kwa jina lile lile. Papa wetu kusikia hivyo akasema tu: “Na siye tuliimba vile vile.” Akatuimbia kidogo. Hatuandike hapa maneno yake. Mengine hayako ya kuweka mu gazeti.

Ya kwanza kusimama

Sasa tufike ku jambo lenyewe.

Treni ndogo inachukua umeme ku reli kupitia magurudumu. Lokomotive iko muzito, iko na magurudumu sita ao nane. Kama moja limepanda uchafu, lingine linashika. Drezini iko na ine tu, karibu karibu, na uzito wake ni wa karatasi. Vumbi kidogo, mafuta kidogo, kutu, pahali reli mbili hazikukutana vizuri, na yenyewe inasimama. Ku egiye, pahali njia inagawanyika, kuko kipande kisicho na umeme. Lokomotive haisikie, drezini inakufa pale. Ndiyo maana wenye kuipenda wanaongeza risasi chini yake iwe nzito, ao wanaweka kondensateri ndani, yenye kushika umeme wa kipande cha segonde, iweze kuvuka. Na zaidi ya yote wanasafisha njia. Kuko mabehewa ya pekee kwa ile kazi: zingine zinakokota kipande cha ubao chini ya tumbo, zingine ziko na burashi ya kuzunguka, na kampani Tomix ya Japani iko na behewa lenye kunyonya vumbi.

Mwenye kuwa na treni anaweza kufanya miezi bila kujua njia yake iko mbaya, juu lokomotive inapita kwa nguvu. Drezini inamuambia siku ya kwanza.

Tulipoelewa hivyo, tukaangaliana. Juu sisi tuko na hadisi yetu.

Chini ya udongo, pahali tunatumika, kuko njia ya wagonete, upana wake milimita 600. Kampani ilinunua lokomotive mupya. Ilikuwa na nguvu, ilikuwa na rangi nzuri, wakubwa walipiga nayo picha. Kwa wakati ule ule, kundi la njia walilipunguza: watu kumi na mbili wakabaki watano. Wale watano walitembea na miguu, vyombo ku mabega, mu giza, mu maji. Tuliandika barua: travesi zinaoza, njia inafunguka ku kona. Jibu lilitoka: lokomotive inapita, hakuna shida.

Ilipita kweli. Ilipita mpaka siku haikupita. Ku kona ile ile, wagonete ya tatu ikatoka, ikalala ku ukuta. Ndugu yetu, musaidizi wa konduktere, alikuwa pale. Walimukata muguu chini ya goti.

Kiisha siku ine ripoti ikatoka. Iliandika neno moja: mbiyo. Konduktere alikimbiza mashini. Wakamuweka ku mizapie, na barua ya kumufukuza ikaanza kuandikwa.

Meza yetu

Tulikuwa na vipimo. Tulishuka na metre, na kapita wa njia kama shahidi, na tulipima: ku ile kona, milimita 600 zilikuwa zimekuwa 627. Travesi tatu zilizofuatana zilikuwa unga. Kidole kiliingia ndani. Tuliandika yote mu karatasi. Lakini mu mikutano tuliona kwamba karatasi inalala mbele ya wakubwa na hakuna anayeisoma. Mutu wa biro ukimuambia milimita 27, anaona kitu kidogo, anaona ukucha. Hajui ukucha ule unaangusha tani ngapi.

Ndipo tukakumbuka kamashini ka Papa. Mumoja wetu, elektrisie, akasema: tufanye meza.

Tulipunguza kila kitu mara 15. Milimita 600 ikatoka milimita 40. Reli tulifanya na nyuzi za chuma, travesi na mbao za sanduku la samaki, balasti na changarawe ya kuchunga na kitambaa. Wagonete ilikuwa mukebe wa tomati. Kwa kuvuta, tulijenga drezini yetu wenyewe: motere ya radio ya zamani ya CD, mupira wa kupitisha nguvu, pili mbili, na mwili wa mukebe wa maziwa. Watoto wa kwetu wanajua kujenga magari na waya tangu zamani. Mutoto wa delege mumoja, wa miaka 13, ndiye aliyenyoosha magurudumu, juu yetu yalikuwa yanacheza kama mutu amelewa. Papa alikaa kando, anasahihisha. “Ile travesi iko mbali na ingine. Rudisha.” Hatukuwa tunacheza, lakini tusifiche kweli: tulifurahi. Ile wiki mbili, watu waliokuwa na hasira walikuwa wanakuja kiisha kazi kukata mbao za ukubwa wa kiberiti. Sasa tulielewa wale wadakitari wa Ulaya.

Siku ya kusikiliza konduktere, tuliingia na meza. Mukubwa mumoja akauliza kama tumekuja na jouet. Tukajibu: ndiyo, Bwana mukubwa, tunaomba dakika tano.

Tulianza na njia nzima. Drezini ikavuta mukebe, polepole, ikapita. Tukaongeza mwendo. Ikapita. Tukaongeza tena, mpaka mwisho wa pili. Ikapita. Kiisha tukaondoa travesi moja ku kona: ikapita. Mbili: ikayumba, ikapita. Tatu, na tukafungua reli milimita 2 tu, juu 27 ukizipunguza mara 15 haifike 2. Tukarudisha mwendo ya chini kabisa, ile ya mutu anayetembea na miguu. Mukebe ukafika ku kona, gurudumu la ndani likashuka kati ya reli mbili, mukebe ukalala.

Tukaurudisha. Ukalala tena. Mukubwa wa tekiniki akasimama, akaukokota yeye mwenyewe na kidole, polepole kabisa. Ukalala.

Hakuna aliyesema neno kwa muda. Kiisha akaomba karatasi yetu ya vipimo, ile ile iliyolala mbele yake tangu mwezi uliopita, akaisoma.

Tusidanganye wasomaji: mukebe wa tomati haukushinda kesi. Vipimo ndivyo vilishinda, na ushahidi wa kapita mwenye kukubali kusema mbele ya wakubwa, na aliweza kupoteza kazi juu yake. Meza ilifanya kitu kimoja tu: iliwafanya waangalie njia, pahali pa kuangalia mutu. Barua ya kufukuza ilirudishwa. Konduktere yuko ku kazi. Kundi la njia liliongezwa watu wane, na mbao mupya zilishuka. Muguu wa ndugu yetu haukurudi. Malipo yake tungali tunayafuata, na tutayafuata.

Kwa habari ya drezini ya kweli, yenye motere, ya kubeba kundi la njia na vyombo vyao, tuliiomba. Jibu ni kwamba iko mu devi. Ingali mu devi.

Kitu cha kushika

Ndugu musomaji, kama siku moja unapata lokomotive ndogo mu soko ao kwa rafiki mwenye kutoka Ulaya, itazame, iko nzuri. Njia yetu ya milimita 1067 inaweza hata kufanyiwa maketi bila shida: ukiipunguza mara 64, inakaa juu ya reli za milimita 16 na nusu zenye kuuzwa pahali pote, ndivyo wanafanya watu wa Zelandi Mupya na wa Queensland kule Australia, wenye upana wa njia sawa na wetu. Vijana wenye mikono hapa Lubumbashi, Likasi, Kolwezi, Kamina, wanaweza kujenga historia ya reli yetu juu ya meza za masomo. Tunawaomba wasisahau kuweka drezini, na watu juu yake.

Maketi ya Papa iko sasa mu chumba ya sendika, ndani ya vitrini ndogo, kando ya ile ya mukebe wa maziwa. Yeye mwenyewe aliomba iwe pale. Anakuja siku za posho, anavaa miwani, anaomba tufungue. Anaiweka ku njia, anapuliza vumbi kwanza, kiisha anagusa buto. Taa zinawaka. Ikisimama mbele ya kufika mwisho, hakasirike. Anainama, anapangusa reli na kitambaa, akisema kitu kimoja kila mara:

“Si yeye mwenye makosa. Njo njia.”